Boksi limeandikwa 2,700, shabaha inasema vingine: spidi ya risasi bila kronografu

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Arusha anayejifunzia uwindaji bingwa kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii, nalifupisha hivi: "Shikamoo mzee. Tuna mteja Mmarekani kaja na bunduki yake ya 375 H&H na risasi alizojaza mwenyewe kwao. Kwenye boksi kaandika kwa peni, kichwa (ile sehemu inayoruka) greini 300, kama gramu 19, spidi futi 2,700 kwa sekunde. Tumeenda kambini Longido tukaziro mita 100, yaani tukarekebisha darubini ipige katikati pale, tukaweka hiyo spidi kwenye app ya hesabu za risasi ikasema mita 300 itashuka sentimita 46. Tumepiga, imeshuka 57. Mteja anasema app mbovu, bosi anasema darubini mbovu. Mtutu ni wa inchi 22. Hatuna kronografu, ile mashine ya kupima spidi. Spidi halisi ni ipi na nitaijuaje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kupima umbali hadi 300 na kuandika namba, maana wengi wanapiga risasi tatu mita 100 wanasema imekaa, wanapanda gari. Namba zako zinatosha kabisa kujibu hili swali, na jibu langu ni kwamba app iko sawa na darubini huenda iko sawa, kilichokosewa ni hiyo 2,700. Hiyo bunduki inatoa kama futi 2,470 hivi, yaani mita 750 na ushee kwa sekunde, na nitakuonesha nimefikaje hapo kwa njia mbili tofauti, alafu ya tatu ya kuhakikishia, ambazo zote unaweza kuzifanya mwenyewe.

Tuanze na kitabu kabla ya kugusa bunduki. 375 H&H ni risasi ya zamani, Holland & Holland waliitoa 1912, kwaiyo inajulikana nje ndani, na risasi za kiwandani za kichwa cha greini 300 zinaandikwa futi 2,530. Sasa mtu akikuambia yeye na vifaa vyake vya gereji kapata 2,700 kwa kichwa kilekile, kazidisha futi 170, jiulize kazipata wapi. Nguvu ya risasi inaenda na spidi mara spidi, kwaiyo 2,700 ukigawa kwa 2,530 alafu ukizidisha kwa yenyewe unapata 1.14, maana yake anadai nguvu zaidi kwa asilimia 14 kutoka kwenye ganda lilelile. Baruti haitoi hivyo bure. Ukiongeza baruti, spidi inapanda kidogo kidogo lakini presha inapanda kwa kasi zaidi, na hii risasi kwa kipimo cha C.I.P., shirika la viwango vya risasi kule Ulaya, mwisho wake ni presha ya baa 4,300. Ingekuwa kweli inatoka na 2,700 kwenye mtutu mfupi wa inchi 22, mngeshaona dalili kwenye maganda: bolti inakuwa nzito kufungua, praima, kile kiduara cha nyuma kinachogongwa na pini, inakuwa imebapwa kama imepigwa nyundo, na kwenye kitako cha ganda kunakuwa na alama ya kung'aa pale ejekta, kile kipini kinachorusha ganda nje, ilipokandamiza. Hujanitajia lolote kati ya hayo. Nenda kaokote maganda uyaangalie, ila nadhani utayakuta safi.

Kwanini basi kaandika 2,700? Mimi nina wazo. Risasi za kiwandani za 375 hiyohiyo zenye kichwa cha greini 270 zinaandikwa 2,690. Ona zilivyo karibu. Nahisi jamaa kasoma mstari wa 270 au alikuwa anajaza 270 zamani akabadilisha kichwa bila kubadilisha karatasi. Na hapa kuna hesabu ndogo nzuri ya kuweka kichwani, bunduki moja na ganda moja hutoa nguvu inayokaribiana kwa vichwa vya uzito tofauti, kwaiyo ukijua spidi ya kichwa kimoja unakadiria ya kingine: chukua uzito wa zamani gawa kwa mpya, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na spidi ya zamani. 270 gawa kwa 300 ni 0.9, kipeuo chake cha pili ni 0.949, mara 2,690 unapata 2,552. Kitabu kinasema 2,530. Umekosea futi 22 tu kwa hesabu ya kikokotoo cha simu. Usiitumie kuruka kutoka kichwa chepesi sana kwenda kizito sana, hapo inaanza kupotoka, ila kwa majirani kama hawa inafaa.

Alafu mtutu. Spidi za kitabu mara nyingi zimepimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 24. Wa kwenu ni 22. Kwa risasi za aina hii kila inchi unayokata inakula futi 20 hadi 30 hivi kwa sekunde, inategemea baruti, ya taratibu inapoteza zaidi. Toa inchi mbili, toa futi 50, 2,530 inakuwa 2,480. Hiyo ndo makadirio ya mezani, hatujapiga hata risasi moja, na shilingi haijatumika.

Sasa twende shabaha yenu. Nimepiga hesabu kwa hewa ya huko kwenu, nikachukua BC ya kichwa, namba inayoonesha kinavyopenya hewa, kuwa 0.40 kwa kipimo cha G1 (kaangalie kwenye boksi la vichwa, kama ni kile cha pua bapa BC inakuwa ndogo zaidi na hizi namba zinabadilika), darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, umeziro mita 100. Kwa 2,700 risasi inashuka 46 ukifika mita 300, ndo ileile app iliyowaambia, kwa 2,600 inashuka 50, kwa 2,500 inashuka 55 na kwa 2,400 inashuka 61. Nyie mmepata 57. Inaangukia kati ya 2,500 na 2,400, karibu zaidi na 2,500, sema 2,470. Meza ilisema 2,480. Mimi hapo ningelala usingizi.

Lakini subiri, usiende kumwambia mteja kwa sauti kubwa kabla hujajua hii njia inadanganya wapi, maana inadanganya na inadanganya kimyakimya.

Ya kwanza ni ziro yenyewe. Hii watu hawaioni. Mkisema tumeziro mita 100, kundi la risasi tatu lilikaa katikati kweli au lilikaa nusu sentimita juu mkasema poa? Nusu sentimita pale 100 ni sentimita moja na nusu ukifika 300, kwa sababu mstari unaendelea kupanda au kushuka kwa pembe ileile. Sentimita moja na nusu pale ni karibu futi 30 za spidi ambazo umezitengeneza wewe mwenyewe kwa kuridhika mapema. Kwaiyo piga risasi kumi pale 100, sio tatu, piga taratibu mtutu upoe katikati, alafu tafuta katikati ya matundu yote kwa rula, usichague yale mazuri. Najua ni 375, bega litalalamika na kila risasi ni hela, gawaneni wawili.

Ya pili ni umbali. Pale mita 300 risasi inaanguka kwa kasi, kila mita moja unayosogea mbele inashuka karibu nusu sentimita zaidi. Mkipima kwa hatua mkakosea mita 5, mmejiongezea sentimita 2 na kitu. Tumia leza, na leza uielekeze kwenye ubao wenyewe, usielekeze kwenye mti ulio nyuma yake.

Ya tatu ni hewa, na hii ndo inawachanganya sana wenzetu wanaotoka nje. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Longido haipishani sana, asubuhi ya nyuzi 22 hewa ni nyepesi kama asilimia 17 ukilinganisha na ile hewa ya kawaida ya vitabu ya usawa wa bahari na nyuzi 15. Risasi inapata upinzani mdogo, inafika mapema, inashuka kidogo. Kwa mfano wetu wa 2,500, hewa ya kitabu ingeshusha 58 na nusu badala ya 55. Maana yake ukisahau kubadilisha mwinuko kwenye app, utaona risasi inashuka kidogo kuliko ilivyotarajiwa utasema aisee hii ina spidi, kumbe ni hewa ya Meru inakusaidia, kosa la futi 60 hivyo. Nyie inaonekana mliweka mwinuko vizuri maana 46 yenu na yangu zimegongana. Moshi mjini tuko chini zaidi, mita 800 na kitu, na joto letu unalijua, kwaiyo bunduki ileile ikija huku ukapiga bila kubadilisha namba utaona imeshuka kidogo zaidi. Angalizo moja hapo, kwenye app kuna sehemu ya presha ya hewa, ukiweka ile presha ya utabiri wa hali ya hewa ambayo tayari imerekebishwa kana kwamba uko baharini, alafu ukaacha mwinuko sifuri, app inakuamini na unapotea. Ama uweke mwinuko, ama uweke presha halisi ya pale ulipo.

Na mwinuko haubadilishi spidi ya mtutuni kiasi cha kuona, watu wanachanganya hapa. Kinachobadilisha spidi ya mtutuni ni joto la baruti. Kuna baruti hazijali sana, kuna nyingine zinapanda kama futi moja kwa kila nyuzi ya Farenhaiti, kwaiyo mtu aliyepima kwake kwenye baridi kali akaja kupigia kwenye joto la mchana anaweza kupata futi 40, 50 zaidi, na presha inapanda nayo. Hilo 375 lilizaliwa enzi za kodaiti, baruti ya Waingereza isiyopenda joto, ndo maana ganda lake limetengenezwa refu lenye mteremko ili litoke kirahisi hata pakiwa na moto. Ila hiyo isiwape ruhusa ya kuacha boksi la risasi kwenye dashibodi ya Land Cruiser kutwa nzima, nimeona wawindaji wazima na vyeti vyao wanafanya hivyo.

Kumbe pia ile mita 200 ambayo wengi wanaipenda kupimia haisaidii. Kwa 2,700 inashuka 13, kwa 2,500 inashuka 16. Sentimita tatu, kwa bunduki ya kupigia nyati ambayo kundi lake pale 200 ni sentimita 6 au 7, utapima nini hapo. Kwa njia ya kushuka nenda 300 au kaa nyumbani.

Ila kuna njia ambayo 200 ndo penyewe, na hii naipenda kuliko zote kwa mtu asiye na mashine. Sauti. Tundika bamba la chuma nene mita 200, lining'inie kwa minyororo likiwa limeinama mbele kidogo ili vipande viende chini, simu weka pembeni ya mpigaji inarekodi. Piga. Kwenye rekodi utaona mlipuko, alafu baadae kidogo "ting" ya chuma. Ule muda katikati ni risasi kwenda jumlisha sauti kurudi. Hamisha faili kwenye laptop, programu ya sauti ya Audacity ni ya bure, vuta mawimbi uyaone makubwa, pima kutoka mwanzo wa mlipuko hadi mwanzo wa ting. Sauti kwa nyuzi 22 inaenda kama mita 344.6 kwa sekunde (331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi), kwaiyo mita 200 kurudi ni sekunde 0.580. Ukipata jumla ya 0.866, toa 0.580, risasi imetumia 0.286. 200 gawa kwa 0.286 unapata mita 700 kwa sekunde, ambao ni wastani wa njia nzima, sio spidi ya mtutuni, na kwa kichwa chetu na hewa yetu ya mtutuni ni kubwa kwa kama asilimia 9, unafika 762, ndo futi 2,500. Ingekuwa 2,700 kweli, jumla ingekuwa 0.844. Tofauti ya sekunde 0.022 kwenye mawimbi ya sauti ni kubwa kama mlango, simu yako inachukua sauti mara 44,100 kwa sekunde, haina shida na hilo.

Masharti yake: umbali pima kwa futi kamba la mafundi ujenzi, leza ya mkononi inakosea mita moja bila aibu na mita moja hapa inakupoteza kama mita 12 za spidi kwa sekunde. Joto pima kivulini. Piga asubuhi kabla upepo haujaanza, sauti inabebwa na upepo. Na chuma kiwe chuma kigumu cha shabaha, lile jani la springi la fuso mnalotundika huko mashamba kwa 375 litatobolewa au litarudisha vipande, miwani kila mtu, na asiwepo mtu mbele ya mpigaji. Fanyeni kwenye eneo la kambi lililoruhusiwa au uwanja wa shabaha wenye kibali, msiende nyuma ya mashamba ya watu Njiro.

Mzee mmoja Mwingereza anaitwa Benjamin Robins mwaka 1742 alifanya bila simu wala umeme, alipiga risasi kwenye gogo linaloning'inia akapima limesogea kiasi gani, akapata spidi. Hesabu yake iko sawa mpaka leo, ila ukining'iniza gunia la mchanga la kilo 100 kwa kamba ya mita 2 ukalipiga kwa hii 375 litasogea sentimita 7 tu, na tofauti kati ya 2,500 na 2,700 ni milimita 5, kwaiyo waachie wanafunzi wa fizikia.

Programu za kompyuta nazo zipo, QuickLOAD na GRT, unaweka kichwa, baruti, ujazo wa ganda, urefu wa mtutu, inakupa spidi na presha. Nzuri kwa kukagua kama dai lina akili, mbaya kwa kuamini kama kipimo, maana ganda la kiwanda hiki na kile ujazo wake unapishana na baruti ya pipa hili na lile inapishana. Nina wasiwasi mdogo kwamba 2,700 inaweza pia kuwa imetoka kwenye programu, muulize mteja kwa adabu, "mkuu hii ulipima au ulikokotoa?" Jibu lake litakuokolea muda mwingi. Akisema alipima kwa kronografu muulize mtutu wa nani, maana kuna anayepima kwa bunduki ya rafiki yake ya inchi 26. Zile kronografu za zamani za macho mawili pia zinasumbuliwa na mwanga, wingu likipita namba zinaruka. Siku hizi wengi wamehamia rada ndogo za kuweka mezani pembeni ya mtutu, kampuni ikinunua moja itawatumikia wateja wote, mwambie bosi ni bei ndogo kuliko mnyama mmoja aliyejeruhiwa na kukimbia.

Mkikopa mashine angalieni pia risasi zinapishanaje, sio wastani peke yake. Wastani wa 2,470 huku moja inatoka 2,420 nyingine 2,520 ni ujazaji wa hovyo, na hiyo itaonekana 300 kama matundu yaliyopangana juu chini wakati kushoto kulia yako sawa. Angalia karatasi yenu mliyopiga, kama yamejipanga hivyo tayari umejua.

Umeuliza pia pembeni kama wewe mwenyewe uanze kujaza risasi ukajifunze. Hapa kwetu utengenezaji wa risasi uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, sio kitu cha kujianzishia gereji, usiguse bila kwenda polisi kuuliza kwanza. Kusoma na kupima za wengine hakuna anayekuzuia.

Kuhusu safari yenyewe msigombane na mzungu. Nyati mtampiga mita 60, 70, na pale kati ya 2,470 na 2,700 hamna tofauti ambayo nyati au wewe mtaiona, mnachohitaji ni kichwa kigumu na mkono uliotulia. Shida ni pofu au pundamilia atakapotokea mita 280 kwenye mbuga tupu na mteja akageuza darubini kwa namba za app ya 2,700, hapo risasi inapita chini sentimita 9 au 10 na mnashinda kutwa mnafuata damu. Kwaiyo leo jioni weka 2,470 kwenye app, uone kama inakupa hizi: mita 200 chini 16, mita 250 chini 33, mita 300 chini 57. Zikikubaliana na matundu yenu ziandike kwenye kikaratasi, kifunike na seloteipu, kibandike kwenye kitako upande anaouona akiwa amelenga. Na mteja umwambie tu bunduki yake inapenda namba hizi, 2,700 yake kwenye boksi muachie.